Naenda Maui mwezi wa pili, Lahaina kumebaki nini cha kuona baada ya ule moto?

MtembeziNdiaKuu

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Mimi ni mtembeza wageni hapa Mji wa Kale wa Mombasa, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na tisa huu, asubuhi nawapokea wageni pale nje ya Ngomeni, nawapitisha Ndia Kuu mpaka Bandari ya Kale, tunazunguka Kibokoni tunamalizia kwa kahawa chungu na kashata. Sasa dada yangu ameolewa Honolulu kule Hawaii, kanitumia tikiti, viza nayo alhamdulillahi imetoka, naenda mwezi wa pili nikae wiki tatu. Kaniuliza unataka kuona nini huku, nkamwambia Honolulu we nipeleke popote upendapo lakini siku nne nivushe kisiwa cha Maui, nataka kuuona mji wa Lahaina.

Sababu yangu ni hii. Zamani kidogo nlimtembeza mzee mmoja mgeni siku mbili, mtu mkimya sana, haulizi bei haulizi chochote. Tulipofika kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu, pale lipu imebanduka na matumbawe yako wazi, unaona mpaka vile vishimo vya ndani kama sega la nyuki, akaweka kiganja chake ukutani akakaa hivo kitambo. Halafu akanambia kwao Lahaina nyumba za mwanzo za mawe zilijengwa kwa jiwe hili hili la baharini na chokaa hii hii. Kuondoka akaniachia kijitabu cha matembezi ya mji wao, ninacho mpaka leo, mende wamekila pembeni lakini ramani imesalimika. Nimetia alama kwa kalamu sehemu zote: ule mti mkubwa wa Kihindi, nyumba ya daktari mmishonari, gereza, mahakama, kanisa lenye makaburi ya kifalme, hekalu la Wachina, hoteli ya 1901 pale bandarini.

Halafu 8 Agosti 2023 mji ukaungua. Niliamka alfajiri nikaona kwenye simu, nikatoa kile kijitabu nikawa natazama alama zangu moja moja sijui ipi ipo ipi haipo.

Kwa hivo nauliza kwa aliyewahi kufika au anaeishi huko. Kumebaki nini hasa, kuna pahali mgeni anaruhusiwa kupita, na zaidi ya yote ni adabu mtu kwenda? Maana mimi kazi yangu ni kuonyesha mji, najua inavyouma jeneza likipita kuelekea makaburini na mgeni akainua kamera, nimewahi kumshusha mtu kamera kwa mkono wangu mwenyewe. Sitaki kuwa mgeni wa aina hiyo kwa watu.

BahariaLikoni

Waaleikum salaam kaka. Mimi nimefika Lahaina mara tatu, zote kabla ya moto, nlikuwa natumika kwenye meli ya abiria upande wa jikoni. Meli kubwa haifungi pale, inatia nanga nje halafu abiria wanashushwa kwa boti ndogo ndogo, na ile bahari imetulia kama ya Tudor maana mbele yake kuna visiwa vya Lanai na Molokai vimeziba. Ndo maana zamani meli za kuwinda nyangumi zilijaa pale, mwaka 1846 peke yake zilipita zaidi ya 400, mabaharia wanashuka wana kiu ya miezi na mishahara mfukoni, mji ukawa na fujo.

Ukishuka tu kwenye boti mbele yako ndio huo mti. Nieleze vipi, wewe fikiria uwanja mzima umefunikwa na mti mmoja. Ni jamii ya mkuyu, ule wa Kihindi unaoshusha mizizi kutoka kwenye matawi, mzizi ukigusa ardhi unanenepa unakuwa shina jingine, kwa hivo huwezi kusema shina lenyewe ni lipi. Ulipandwa tarehe 24 Aprili 1873, ulikuja kutoka India mche wa futi nane tu, ukafika futi 60 na zaidi. Nlikaa chini yake na chupa yangu ya maji, kuna wazee wanacheza, kuna watu wameanika michoro wanauza, na ikifika magharibi ndege wanarudi kulala wanapiga kelele mpaka huwezi kuongea na mwenzio, vile vile kama kunguru wetu pale Mwembe Tayari.

Mimi nilivosikia moto nlilia kaka, sioni haya kusema. Ule mji haukuwa wangu lakini nlikuwa na pahali pangu pa kukaa pale. Jua lake pia usilichukulie kirahisi, jina lenyewe Lahaina wenyewe wanalifasiri kuwa ni jua kali, jua katili, kofia ubebe. Sasa hali ya mti na mji kwa leo aseme aliyeko huko maana mimi meli nimeacha.

BintiMvita

Hamjambo. Mimi mzaliwa wa Bondeni, niko Maui mwaka wa nane, natunza wazee upande wa Kihei ambao ni kusini, siku ile nlikuwa kazini na moshi tuliuona ng'ambo ya ghuba. Kaka swali lako la adabu limenigusa kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa na watu wa nyumbani maana wengi huniuliza fukwe tu.

Nianze na yaliyoondoka ili usiende na matumaini ya kijitabu. Nyumba ya Baldwin ile ya daktari imeteketea, hoteli ya 1901 imekwisha, hekalu la Wachina la 1912 limekwisha, kanisa la Waiola limeungua lakini makaburi yapo, yupo pale malkia Keopuolani, mama wa wafalme wawili. Mahakama ya 1859 paa limeenda kuta zimesimama. Gereza majengo ya mbao yaliteketea ukuta wake wa matumbawe ukabaki. Pale kwa Wajapani hekalu limeungua lakini sanamu kubwa ya Buddha ya mwaka 1968 imekaa vile vile, na bomba refu la moshi la kiwanda cha sukari kilichofungwa 1999 utaliona kutoka mbali.

Mti uko hai. Uliungua majani yote ukawa kama mkaa, watu waliusimamia kama mgonjwa wa wodini, wakaulegeza udongo uliokuwa umeshindiliwa na miguu ya watu miaka na miaka, wakaumwagia maji kwa malori na mbolea ya maji, na mwezi wa tisa mwaka ule ule ukachipua majani. Yale matawi yaliyokufa yalikatwa. Kuna bibi namtunza, nyumba yake ilikuwa mtaa wa tatu kutoka pale na yote imekwenda, siku alipoonyeshwa picha ya yale majani mabichi akaishika simu yangu kwa mikono miwili hakuirudisha mpaka chai ikapoa.

Waliokufa ni 102. Zaidi ya majengo 2,200 yaliharibika au kuteketea kwenye mji wa watu kama 12,700, na walionusurika wengine walinusurika kwa kujirusha baharini wakakaa majini masaa. Kwa hivo kaka ukipita barabara ya juu usisimamishe gari kupiga picha ya viwanja, kulikuwa na mabango ya kuomba watu wasifanye hivo na wengine walifanya. Sehemu nyingi bado ni viwanja vilivyosafishwa na nyumba zinaota moja moja. Palipo na uzio usiingie. Usimuulize mtu ulikuwa wapi siku ile, akitaka kukwambia atakwambia mwenyewe na we nyamaza umsikilize.

Lakini njoo. Utalii ulifunguliwa tena upande wa magharibi Oktoba 2023 na watu wengi walipinga maana walikuwa hawajamaliza hata kuzika, familia zimejazana kwenye vyumba vya hoteli, haikuwa sawa kuona mtu anaogelea anacheka. Lakini sasa wapo wanaoishi kwa biashara ndogo ndogo na mgeni asipokuja hawali. Kula kwa mwenyeji, nunua kwa mwenyeji, hiyo inatosha.

Mambo ya njia: kutoka Honolulu hakuna feri ya kuja Maui, ni ndege dakika arubaini hivi mpaka Kahului halafu gari kama dakika 45. Krimu ya jua usinunue yoyote tu, hapa zile zenye kemikali zinazodhuru matumbawe zimepigwa marufuku, Maui ni zile za madini tu tangu Oktoba 2022. Na mwezi wa pili ndio kilele cha nyangumi wa nundu, wanashuka kutoka Alaska kuja kuzaa, boti za kuwaangalia siku hizi chukua Ma'alaea. Hata bila boti ukikaa ufukweni utawaona wanaruka, na ukizamisha masikio majini siku imetulia unawasikia wanaimba. Mlima Haleakala kule juu ni zaidi ya mita 3,000, ukitaka jua linachomoza lazima uandikishe mapema na ubebe koti, baridi ya kule mtu wa Mombasa hajawahi kuiona.

Chakula uliza nyama kabla hujala, nguruwe wanamtumia sana na ile ya kufukiwa chini kwa mawe ya moto ndio fahari yao. Lakini samaki tele, na utakuta majimbi na mashelisheli na tui la nazi, wallahi siku ya kwanza kula haupia, ile ya tui la nazi lililogandishwa, nlimpigia mamangu simu usiku wa manane wa kwao maana tumepishana masaa 13.

MwlMakadara

Nashukuru kwa mada hii, nimesoma yote. Mimi nimefundisha historia miaka mingi na nataka niongeze jambo ambalo wageni wengi wanaoenda Lahaina hawaonyeshwi kwa sababu halionekani kwa macho.

Bibie kataja mashelisheli. Jina la zamani la Lahaina ni Lele, na mji ulisifiwa kwa kuitwa kivuli cha mishelisheli ya Lele, Malu 'Ulu o Lele kwa lugha yao. Kulikuwa na mishelisheli kila uwanja, na majimbi yakilimwa kwenye maji, na mabwawa ya samaki, kwa sababu mito ilishuka kutoka milimani ikapita katikati ya mji. Katikati hapo palikuwa na bwawa kubwa la Mokuhinia na ndani ya bwawa kisiwa kidogo kinaitwa Moku'ula, hapo ndipo walipokaa wafalme. Kamehameha wa Tatu alikaa hapo, na Lahaina ikawa makao makuu ya ufalme tangu 1820 mpaka 1845 walipohamia Honolulu. Katiba yao ya kwanza ya 1840 imetolewa Lahaina, katika mji huo huo tunaoambiwa ulikuwa mji wa walevi wa meli.

Halafu miwa ikaja. Kiwanda kilianza 1860, na muwa unakunywa maji mtu akashangaa, mito ikageuzwa ikapelekwa mashambani, bwawa lililokuwa likipokea maji mabichi likabaki dimbwi la mbu, na mwaka 1914 wakalifukia. Juu yake wakafanya uwanja wa mpira. Nyumba ya wafalme iko chini ya udongo mpaka leo, ukisimama pale unaona nyasi tu, lakini kaka mtembezi nakuomba usimame pale hata dakika tano.

Kwa sababu huko ndiko moto ulikotoka kwa mtazamo wangu. Sukari ilipokufa 1999, kama kile kiwanda cha sukari cha Ramisi kilivokufa kwetu, mashamba yakaachwa, na nyasi zikaingia. Nyasi gani? Nyasi za malisho zilizopelekwa kwa ajili ya ng'ombe, na asili yake ni huku kwetu Afrika, zile ndefu zinazorefuka kuliko mtu mvua ikinyesha na kukauka kama karatasi kiangazi. Na kuna mti wa kiawe ambao ni ndugu wa mathenge, ule mti wa miba unaovamia ardhi, watu wa Tana River wanajua mathenge ni nini. Siku ile kimbunga kilipita mbali kusini baharini, upepo mkavu ukashuka mlimani kwa nguvu, nyaya za umeme zikaanguka, moto wa asubuhi ukadhaniwa umezimika, mchana ukafufuka. Mabomba ya zimamoto yakaishiwa nguvu ya maji kwa sababu kila nyumba iliyoungua bomba lake lilipasuka likamwaga. Ving'ora havikulia. Upepo ukafanya yaliyobaki. Lakini upepo ulikuta mji uliokuwa wa maji umefanywa mkavu miaka mia na zaidi, na hili ndilo ningewaambia wageni kama ningekuwa mtembezi wa huko.

Kuhusu matumbawe mzee yule alikwambia kweli. Mwaka 1827 mabaharia wa meli moja ya nyangumi walirusha mizinga kuelekea nyumba ya mmishonari kwa hasira ya kuzuiliwa wanawake kupanda melini, kwa hivo miaka michache baadae ikajengwa ngome mbele ya bandari kwa matofali ya matumbawe yaliyokatwa pale pale mwambani. Haikudumu, 1854 ikabomolewa na mawe yake yakabebwa kwenda kuzungushia gereza, Hale Pa'ahao. Sasa fikiri na Ngomeni kwetu, ngome ya Mreno ya 1593 ambayo Mwingereza aliifanya gereza tangu 1895 mpaka 1958. Kule waliivunja ngome wakaifanya ukuta wa gereza, huku waliiacha ngome wakaijaza wafungwa. Ule ukuta ndio uliobaki kwenye moto kama alivosema bibie, na mimi ningeenda kuugusa kama mzee yule alivogusa wetu.

Na usiishie chini mjini. Panda Lahainaluna, shule iliyoanzishwa 1831 na inafundisha mpaka leo, iko mlimani moto haukuifika. Pale kuna nyumba ndogo ya mawe, Hale Pa'i, nyumba ya uchapaji. Gazeti la kwanza la Hawaii limechapwa Lahainaluna tarehe 14 Februari 1834, kwa lugha yao wenyewe sio Kiingereza. Ni miaka kumi kabla mmishonari Krapf hajashuka Mombasa na kuanza kuandika kamusi yetu. Lugha ile baadae ilikatazwa mashuleni ikakaribia kufa na sasa watoto wanasomeshwa nayo tena, na kilichoisaidia ni maandishi mengi yaliyokuwa yamechapwa wakati ule. Mimi nikipewa saa moja tu Maui naitumia pale.

KijanaTononoka

Mimi naona tofauti kidogo, samahanini wakubwa. Hawaii kuna visiwa vingi na fukwe nyingi, kwani lazima mtu apite pahali watu 102 wamekufa? Hata uende na adabu gani we bado ni mtalii. Ningekuwa mimi ningebaki kwa dada yangu Honolulu, pesa ya tikiti ya Maui nikaituma kwa waliounguliwa.

UmmuSalim

Mwanangu wa Tononoka umesema kwa moyo mzuri na wala sikulaumu, lakini niruhusu nikwambie kitu mimi mtu mzima.

Kwetu Kibokoni mwaka mmoja mfungo wa Ramadhani tuliunguliwa na nyumba ya jirani, ukuta wetu na wao ni mmoja. Jiko lilikuwa la ghorofani, mafuta ya sambusa yalishika moto ikawa inakaribia magharibi, kila mtu yuko jikoni. Nyumba zetu watu husema ni za mawe haziungui, kuta ni mawe kweli lakini juu ni boriti zimekauka miaka mia mbili, zikishika zinaita. Gari la zimamoto lilikuja likakwama kona ya kwanza, kichochoro hakipiti hata mkokoteni. Tuliuzima kwa ndoo kutoka kisima cha msikitini, watu wamejipanga mstari, wanaume kwa wanawake, wengine hawajafuturu mpaka saa nne usiku. Hakufa mtu, alhamdulillah. Lakini yule jirani alibaki na kanga aliyojifunga na birika moja ya shaba ambayo ilikuwa ya nyanyake, imekuwa nyeusi tii.

Sasa nikwambie kilichomuuma. Siku tatu za mwanzo watu walijaa, sufuria za chakula hazina pa kuwekwa. Baada ya mwezi hakuna aliyepita. Watu walikuwa wanaona haya, wanapita njia ya nyuma wasimkute kwenye baraza amekaa, wakidhani wanamuonea huruma. Alinambia bora wangekuja wakakaa kimya kuliko kupita nyuma. Mpaka leo mimi birika ile nimemsugulia mwenyewe kwa ndimu na jivu, bado nyeusi upande mmoja, ndio tunayonywea kahawa.

Kwa hivo wewe mtembezi nenda. Nenda kama unaenda kwenye tanzia, mtu haendi tanzia kwa kuangalia nyumba, anaenda kukaa na watu. Ukikuta nyumba haina paa we angalia wenyewe wako wapi ukawape mkono. Na pesa mtume, mwanangu, hivyo vyote viwili vinafanyika.

Na wewe binti wa Bondeni mpe salamu bibi unaemtunza.

MtembeziNdiaKuu

Nimesoma majibu haya mara mbili mbili, mengine nimemsomea mke wangu kwa sauti. Shukran sana sana.

Nimeamua hivi. Siku ya kwanza sitoenda Lahaina kabisa, nitaenda Ma'alaea kuwaangalia nyangumi kwa sababu kusema kweli nimeishi pwani maisha yangu yote, nasikia wanapita Watamu kila mwezi wa saba na wa nane na sijawahi kumuona hata mmoja. Siku ya pili nitapanda kwanza Lahainaluna kwa ajili ya mwalimu, nitazame mji kutoka juu ndio niteremke. Halafu mti, halafu ukuta wa gereza, halafu pale kwenye uwanja wa nyasi juu ya Moku'ula. Kijitabu nitakibeba lakini simu itakaa mfukoni. Kijana wa Tononoka nawe umenifikirisha, nimeongea na dada yangu, tutatoa kitu.

Binti Mvita, nlikuwa nimefikiria nimletee bibi yako mche wa mshelisheli kutoka kwa shamba la shemeji Kwale, maana umesema viwanja viko wazi, nkaona apande mwenyewe. Inawezekana kupita nao uwanja wa ndege?

BintiMvita

Kaka usijaribu kabisa, mimea na mbegu na udongo Hawaii wanakagua sana, utajazishwa fomu na mche utachukuliwa. Hao wenyewe wameshaanza kupanda mishelisheli ya kwao Lahaina tena, miche ipo. Mletee kanga. Bibi anapenda kitambaa cha pamba cha kujifunga jioni na ile niliyompa mimi ameivaa mpaka imetoboka, na kila siku ananiuliza yale maneno ya chini yanasema nini.

UmmuSalim

Kanga usinunue, nina doti mpya mbili ndani ya sanduku sijazipindia, moja nyekundu moja ya buluu. Pita kwangu kesho baada ya alasiri uchague. Mlango wa pili ukitoka kisimani, we sukuma tu.